Mbwa Huyu Tumwite Nani?

Huenda nawe yamekukuta. Baba watoto anarudi jioni na kapu mkononi, na ndani ya kapu kuna kitoto cha mbwa, dume, kinatetemeka kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa Juni. Watoto wanashangilia. Kabla hata gunia la kumlalisha halijapatikana, swali limekwisha kutolewa: "Tumwite nani?" Baba ana lake, kijana ana lake, binti ana lake. Mama, ambaye ndiye atakayempikia ugali wa pumba na dagaa kwa miaka kumi au zaidi, mara nyingi haulizwi kabisa.

Tunaandika haya kwa sababu swali hilo sisi tuliwahi kulijibu vibaya.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya, na tulikuwa na ugomvi na jirani. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: ua wa michongoma, nani aliusogeza na kwa hatua ngapi. Maneno yalipokwisha tukanuniana, na katika kununiana huko ndipo mbwa alipoletwa. Tukamwita Watachoka. Siku ile tulicheka sana. Kila asubuhi mmoja wetu alisimama mlangoni akaita kwa sauti, "Watachoka! Watachoka, njoo ule!" na mtaa mzima ulijua ni nani anayeambiwa kwamba atachoka.

Wanawake tunaielewa lugha hiyo, maana ni lugha ya kanga. Mtu huchagua kanga kwa maandishi yake, akapita nayo taratibu mbele ya mlango wa aliyemkusudia, wala hafungui kinywa. Lakini kanga hufuliwa, hukunjwa, hutiwa sandukuni, na siku mkipatana waweza kujifunga nyingine. Mbwa hakunjwi. Jina lake huitwa asubuhi na jioni kwa sauti ya kuvuka ua, na mbwa aliyetunzwa vizuri huishi miaka kumi, hata kumi na mitatu. Ugomvi wetu wa michongoma haukuwa na umri huo. Uliisha wenyewe baada ya mwaka mmoja na kidogo. Hata hatukumbuki uliishaje. Jina likabaki.

Ndipo tukapata msiba Iringa. Ilibidi tuondoke alfajiri nyumba nzima, na kwa basi, kupitia Makambako na Mafinga, njia hiyo ni zaidi ya kilometa 300. Mbwa abaki na nani? Nyumba ya karibu ilikuwa moja tu. Tukaenda kubisha hodi usiku. Yule mama alitupa pole, akapokea unga na ufunguo wa banda, kisha akauliza jambo ambalo hatukulitazamia: "Sasa nimwiteje?"

Jina alilijua. Alikuwa amelisikia kila siku, tena kwa sauti yetu wenyewe. Sisi ndio tulioshindwa kulitamka mbele ya uso wake. Tukajing'atang'ata, tukasema, "Mwite tu, atakuja." Tuliporudi siku ya tano tulimkuta mbwa ameshiba na banda limefagiliwa. Mama yule akasema, "Wewe!" na mbwa akamkimbilia huku akitikisa mkia. Siku zote hizo alikuwa akimwita Wewe.

Tangu hapo, kila tunakofika kati ya Mbeya na Iringa, tumekuwa na tabia ya kuuliza mbwa wa nyumba anaitwa nani. Tumegundua kwamba yale majina ya siku nyingi, yale ambayo vijana huyaona ya kizamani, yamedumu kwa sababu nzuri. Hayamsemi mtu.

Linaloongoza ni Simba. Watoto wa mjini hudhani limetokana na filamu ya Marekani ya mwaka 1994, kumbe babu zao walikuwa na akina Simba uani kabla ya filamu hiyo. Tatizo lake ni moja tu, nalo ni la mpira. Klabu ya Simba ilianzishwa mwaka 1936 lakini ilichukua jina hilo mwaka 1971, na wapo akina baba wapenzi wa Yanga ambao hawatasimama uani mwao wakaita "Simba!" hata kwa malipo. Mama mmoja wa Mafinga alitusimulia kuwa mumewe alikubali jina hilo kwa sharti kwamba yeye peke yake ndiye atakayekuwa akimwamuru Simba akae chini.

Kisha wanakuja Jimi, Tomi, Bobi na Jeki. Haya ni majina ya Waingereza, waliotawala Tanganyika mpaka 1961, na nyanda zetu za juu zilikuwa na walowezi wao, wa chai kule Mufindi na wa tumbaku Iringa. Hapa kuna kichekesho. Wapo wazazi wacha Mungu wasiotaka kabisa jina la Biblia lishuke kwa mbwa, nasi tuko pamoja nao. Lakini Tomi ni kifupi cha Thomas, yaani Tomaso. Jimi ni James, yaani Yakobo. Na Jeki kwa Waingereza ni John, yaani Yohana. Majina ya mitume watatu yanaitwa mtaani jioni na hakuna aliyewahi kununa! Yamechakaa katika kinywa cha watu mpaka yakawa ya mbwa tu. Jaribu kumwita mbwa Yohana mwenyewe, kisha mzee wa kanisa mwenye jina hilo apite njiani wakati unamkemea, ndipo utakapoiona tofauti. Katika Biblia mbwa wametajwa mara nyingi, hata yumo yule aliyefuatana na Tobia safarini katika kitabu cha Tobiti wanachokisoma Wakatoliki, lakini hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina.

Popi ni jina la utotoni. Hupewa kitoto, na mbwa huzeeka nalo, tunaliona zuri tu. Chui na Duma yanafaa dume mwenye madoa. Taiga ni mnyama asiyekuwapo Afrika nzima, lakini nani atamwambia mbwa? Rambo lilivuma kwa ajili ya filamu za mwanajeshi yule zilizoanza mwaka 1982, kisha likawa jina la mfuko wa plastiki, na mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 akina Rambo wa mtaani walitaniwa vya kutosha. Jina la kuvuma lina hatari hiyo.

Yapo ambayo tungekuomba, mama, uyakatae hata kama nyumba nzima imeyapigia kura. Jina la jirani au la mtoto wa jirani, hata kwa mzaha. Jina la kabila. Jina la kiongozi, awe umempenda au la. Na kwa kuwa wengi wetu tunakaa ukuta kwa ukuta na Waislamu, ambao kwao mbwa ana masharti yake, jina lolote wanaloliheshimu lisikaribie banda. Iringa nako tumewahi kusikia kijana akitaka kumwita mbwa wake Mkwawa, eti kwa kuwa ni mkali. Bibi yake alimnyamazisha, na alifanya vema. Mtwa Mkwawa ndiye aliyewashinda Wajerumani kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na fuvu lake liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 liliwekwa Kalenga, ambako watu huenda kulitazama kwa heshima. Jina hilo limepewa shule na chuo. (Watani wa Wahehe wana maneno yao marefu kuhusu mbwa, hayo tunawaachia wenyewe.)

Ukishayaondoa hayo, angalia sauti. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Mgiriki mmoja, Xenophon, aliandika kitabu cha uwindaji, akashauri mbwa wapewe majina mafupi ili iwe rahisi kuwaita, akaorodhesha majina 47 ya mfano. Ushauri huo unafaa hata Tukuyu, ambako mvua ikipiga bati jina la silabi tano haliwezi kufika hata shambani. Silabi mbili zatosha. Jihadhari pia jina lisifanane na amri utakazompa. Mbwa aitwaye Shaka hatajua kama ameitwa au ameambiwa "shika", na hilo si jambo la kucheka mgeni akiwa mlangoni. Lisifanane pia na jina la mtoto wako, maana wote wawili watakuja au wote wawili hawatakuja.

Kwa dume jambo hili lina uzito zaidi. Dume hutangatanga. Jike likiwa katika joto mitaa kadhaa kutoka kwako, yeye huinusa harufu akaruka ua, na huko aendako hupigana na kuumwa. Daktari wa mifugo aweza kumhasi ili atulie, na tunashauri ufanye hivyo kama huna haja ya watoto wake. Lakini hata aliyehasiwa anatakiwa arudi akiitwa, na arudi akiitwa na mtu yeyote wa mtaa, kwa sababu hatari iliyoko njiani ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote wakiwa wameumwa na mbwa, wakiwamo watoto wengi. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtoto akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Na mbwa wako apigwe sindano ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Tulirudi vipi kutoka Watachoka? Kwanza tulifikiri tumwache aitwe Wewe, kwa kuwa alikwisha kulizoea. Haikufaa. Katika nyumba yenye watoto wanne neno "wewe" husemwa mara mia kwa siku, na kila liliposemwa mbwa aliingia ndani. Basi tukaenda kwa yule mama, safari hii mchana, tukamwomba atupatie jina yeye. Hakuuliza kwa nini. Alisema kwao Iringa baba yake alikuwa na mbwa mweusi aitwaye Jimi, aliyekuwa akimsindikiza shuleni mpaka mtoni, kisha anarudi peke yake.

Mbwa mkubwa hujifunza jina jipya, usidanganywe kwamba hawezi. Unamwita, akigeuza kichwa tu unampa kipande cha dagaa. Unarudia mara chache, asubuhi na jioni, wala humkemei kwa jina hilo hata kidogo siku za mwanzo. Wa kwetu alichukua karibu wiki tatu.

Ilibaki kadi ya chanjo. Mwaka uliofuata tulijipanga foleni pamoja na yule mama, naye ana mbwa wake, na zamu yetu ilipofika mtaalamu wa mifugo akaipokea kadi akasoma kwa sauti mbele ya watu wote: "Watachoka! Watachoka ni nani hapa?"

Hatukujua tuangalie wapi. Jirani yetu ndiye aliyejibu.

"Huyo alikwisha kuchoka, bwana. Andika Jimi."