Kweli au Uongo: Kusomea Fedha na Kifaransa Ukiwa Nyumbani

Ukimwambia mtu kwamba unasoma chuo kikuu kwa masafa, swali lake la kwanza ni kama cheti kitatambuliwa. Ukiongeza kwamba unachosomea ni fedha, na pembeni umechukua Kifaransa cha wanaoanza, atakutazama kama mtu aliyetoka dukani na jembe na gitaa. Maneno yanayozunguka juu ya masomo ya aina hii ni mengi, na mengi yanasemwa na watu ambao hawajawahi kufungua moduli hata moja. Tuyapitie.

“Shahada ya masafa ni ya waliokosa nafasi.”
Uongo.

Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu waliosomea nje ya kuta zake tangu 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kiligeukia elimu ya masafa mwaka 1946, na ni kupitia chuo hicho Nelson Mandela alikamilisha shahada yake ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Uingereza ilianzisha Open University mwaka 1969. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kikaanza kupokea wanafunzi 1994. Kenya imechelewa kidogo: chuo chake huria, chenye makao Konza, kilipewa hati Agosti 2023.

Swali la maana kwa hiyo ni kama chuo chenyewe kimesajiliwa. Tanzania utauliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU; Kenya utauliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Anayekuahidi shahada ya fedha kwa miezi mitatu bila mtihani anakuuzia karatasi, hata kama tovuti yake ina picha ya jengo lenye nguzo za marumaru.

“Unasoma ukipenda, muda wowote.”
Nusu kweli.

Saa ni zako, tarehe si zako. Kazi za kuandika zina siku ya mwisho, majaribio yana dirisha lake, na mtihani haukusubiri umalize kufunga hesabu za robo mwaka kazini. Wanaoshindwa kwa masafa mara nyingi hawaangushwi na ugumu wa somo. Wanaangushwa na harusi, misiba, safari za kikazi, na ile wiki moja ya kupumzika ambayo inageuka mwezi.

Hapo masomo haya mawili yanatofautiana sana, na ni vizuri kulijua hili kabla ya kupanga ratiba. Fedha inavumilia kurundikwa. Unaweza kukaa Jumamosi saa nne mfululizo na mizania ya kampuni, ukaifumua mpaka ukaielewa, kisha usiiguse hadi Jumamosi nyingine. Kifaransa hakikubali hivyo. Dakika 20 kila siku, kwenye daladala au kabla ya kulala, zinazidi saa nne za mwisho wa wiki, kwa sababu sikio linasahau haraka kuliko kichwa. Mtu anayeyapangia masomo yote mawili Jumamosi atafaulu moja.

“Fedha ni ya wenye vichwa vya hisabati.”
Uongo, kwa sehemu kubwa.

Ngazi ya juu kuna takwimu nzito, hilo halina ubishi. Lakini mwaka wa kwanza unasimama juu ya asilimia, kuzidisha na kugawanya, na wazo moja kubwa: shilingi ya leo si sawa na shilingi ya kesho. Weka milioni moja kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba iendelee kuzaa riba. Baada ya miaka mitatu utakuwa na 1,331,000. Ligeuze. Mtu akikuahidi milioni moja baada ya miaka mitatu, kwa riba hiyo hiyo ahadi yake leo ina thamani ya kama 751,000. Sehemu kubwa ya kozi ya utangulizi ni wazo hilo likivaa nguo tofauti: hatifungani, mradi wa kiwanda, pensheni.

Kinachohitajika zaidi ya hisabati ni tabia ya kutoamini tarakimu iliyoandikwa kwa wino mkubwa. Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa mwaka mmoja. Mkopeshaji wa kwanza anasema riba ni asilimia 20 bapa. Maana yake, riba ni 240,000, nawe unarejesha 120,000 kila mwezi. Wa pili naye anasema asilimia 20, ila juu ya salio linalopungua. Huyu utamrejeshea kama 111,200 kwa mwezi, na riba yote kwa mwaka ni kama 134,000. Asilimia ni ile ile, bei ni mbili. Ukimpima yule wa kwanza kwa kipimo cha wa pili, riba yake halisi inakaribia asilimia 35. Hakuna hapo hesabu inayomshinda aliyemaliza kidato cha nne, ila wapo wahitimu wanaosaini mkopo wa kwanza wakidhani wamepata bei moja na jirani.

“Kifaransa hakifundishiki bila mwalimu mbele yako.”
Nusu kweli, na nusu yenye ukweli inahusu mdomo na sikio.

Sarufi inasomeka peke yako, na Mswahili ana mtaji ambao hauhesabu. Anayesema “kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea” bila kufikiri ameshazoea nomino kuvuta maneno mengine yafuatane nayo. Kifaransa kina jinsia mbili tu za nomino. Ukilinganisha na ngeli zetu, ni mzigo mwepesi. Mwingereza analalamika kuhusu *le* na *la*, lakini Mswahili hana sababu ya kulalamika naye. Hata ile *r* ya Kifaransa inayowasumbua wengi iko karibu na *gh* ya “ghali” na “lugha”, hasa kwa aliyekulia pwani, mahali ambapo sauti hiyo hutamkwa sawasawa.

Taabu iko kwingine. Sisi tumezoea kwamba kilichoandikwa kinasomwa. Kwa Kifaransa, *parle*, *parles* na *parlent* zinaandikwa tofauti na kutamkwa sauti moja. Halafu kuna irabu za puani: *vin*, *vent* na *vont* ni maneno matatu, na sikio la anayeanza linayasikia kama moja. Hapa kitabu hakikusaidii. Unahitaji mtu wa kukurekebisha, na kozi nzuri ya masafa inakupa vipindi vya mtandaoni na mwalimu na kazi za kujirekodi sauti. Kama kozi unayoiangalia haina hata kimoja, ni kozi ya kusoma Kifaransa tu, haitakufundisha kukisema.

Kwa sikio kuna njia isiyo na ada. Redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, ina idhaa ya Kiswahili, na kwa upande wa Kifaransa ina taarifa fupi ya habari ya kila siku kwa lugha rahisi, iliyotengenezwa kwa wanaojifunza. Sikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, ujue nini kimetokea duniani, kisha sikiliza ile ya Kifaransa. Majina ya nchi, viongozi na tarakimu yatakushika mkono.

“Masomo haya mawili hayakutani.”
Uongo, na huu ndio uongo unaowagharimu watu zaidi.

Tazama mzigo unaotoka bandari ya Dar es Salaam. Sehemu yake inakwenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi, na hati za upande wa pili wa mpaka zinaandikwa kwa Kifaransa. Tazama benki. CRDB ya Tanzania ilianza kazi Burundi mwaka 2012 na ikafungua tawi Lubumbashi, Kongo, mwaka 2023. Equity ya Kenya ilichukua BCDC, benki ya huko huko Kongo, mwaka 2020. KCB, nayo ya Kenya, ilinunua hisa nyingi za benki nyingine ya Kongo, TMB, mwaka 2022, mwaka ule ule Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba Lubumbashi, Goma na Bukavu utanunua, utapatana bei na utacheka na watu kwa Kiswahili. Mkataba, kodi na vitabu vya hesabu ni Kifaransa.

Tena si lugha peke yake inayobadilika. Tangu 2012 Kongo ni mwanachama wa OHADA, umoja wa nchi za Kiafrika zenye sheria moja ya biashara, ambao Komoro nayo imo. Nchi hizo hutumia mfumo mmoja wa uhasibu ambao kila akaunti ina namba yake kisheria: 52 ni benki, 57 ni fedha taslimu, 41 ni wateja, kundi la 6 ni matumizi na kundi la 7 ni mapato. Mhasibu aliyesomea Dar anajua mambo hayo yote, ila hajazoea namba kuamuliwa na sheria. Akishazijua, anaweza kusoma vitabu vya kampuni ya Lubumbashi hata kabla Kifaransa chake hakijanyooka, kwa sababu namba zinamwambia yuko wapi.

Halafu kuna mitego ya tarakimu, na hii hufundishwi katika kozi ya fedha wala ya Kifaransa, kwa kuwa kila mwalimu anadhani ni kazi ya mwenzake. Kwa maandishi ya Kifaransa mkato hutenga desimali. 3,500 ni tatu na nusu, si elfu tatu na mia tano. Bilioni yetu wao wanaiita *milliard*, na wakisema *billion* wanamaanisha mara elfu yake. Ukifungua Excel ya Kifaransa, *SUM* imekuwa *SOMME*, thamani halisi ya sasa ya mradi, *NPV*, imekuwa *VAN*, na ndani ya fomula unatenganisha kwa nuktamkato, maana mkato umeshachukuliwa na desimali.

Kisha matamshi ya namba zenyewe. Vitabu vingi vinatoka Ufaransa, kwa hiyo utafundishwa kwamba 70 ni “sitini na kumi” na 90 ni “ishirini mara nne na kumi”. Ukifika Lubumbashi au Bujumbura utasikia *septante* na *nonante*, urithi wa Wabelgiji, na ni rahisi zaidi. Jifunze zote mbili. Mtu anayetaja kiasi kwa simu hatangoja upige hesabu kichwani.

“Ukimaliza kozi ya mwanzo, kazi Kinshasa inakungoja.”
Uongo mtupu.

Mizani inayotumika sana duniani kupima ujuzi wa lugha ni ile iliyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, yenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Kozi ya wanaoanza inakufikisha A1, na ukijitahidi A2. Hapo unajitambulisha, unauliza bei, unaelewa ujumbe mfupi. Kukaa kwenye kikao cha mkopo ukajitetea kunahitaji B2, na safari ya kutoka A2 hadi B2 ni ndefu kuliko ile uliyokwisha kwenda. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha hukadiria kama wiki 30 za darasa la kutwa kwa Kifaransa, na hao wanalipwa mshahara kusoma. Wewe wa dakika 20 kwa siku hesabu miaka, usihesabu miezi.

Ukitaka uthibitisho wa ngazi yako usioisha muda, fanya mtihani wa DELF; Alliance Française za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa ndizo za kuuliza kwanza. Na usiiweke Rwanda mbele katika mipango yako ya Kifaransa: mwaka 2008 serikali yake iliamua kuhamishia masomo ya shule kwenye Kiingereza, na vijana wa Kigali watakujibu kwa lugha hiyo.

“Ni nafuu kuliko chuo cha kukaa.”
Kweli, ukihesabu vizuri. Hulipi bweni na huachi mshahara. Lakini ongeza bando, nauli ya kwenda kituo cha mtihani, vitabu, na ada ya kurudia somo utakaloanguka.

“Simu itatafsiri, Kifaransa cha nini?”
Simu itakutafsiria barua, na itafanya vizuri. Haitakujulisha kwamba ile 3,500 kwenye ankara ni tatu na nusu.

Basi uamuzi ni wako, lakini nitasema langu. Kama kazi yako haina dalili ya kuvuka mpaka kuelekea magharibi, wala visiwani Komoro, soma fedha peke yake uimalize vizuri, Kifaransa kisubiri. Kama uko kwenye uwakala wa forodha, benki yenye tawi Kongo, au biashara ya shaba, madawa au vipuri, chukua yote mawili, ila kabla ya kulipa ada kiulize chuo kwa maandishi kama programu ya fedha inaruhusu somo la lugha kuhesabiwa katika shahada. Vyuo vingine vinaruhusu, vingine vitakufanya ulisome kwa gharama ya ziada lisionekane popote kwenye cheti.