Pesa za utafiti wa afya angani: Je, Mkenya ana fungu?

UKIMWONA mwanaanga kwenye televisheni akielea ndani ya chombo chake huku akitabasamu, huenda ukadhani yumo katika starehe. La hasha! Mifupa yake ya nyonga hupungua uzito kwa asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi, kiasi ambacho mzee wa hapa duniani hupoteza kwa mwaka mzima. Misuli nayo hulegea, ndiposa analazimika kufanya mazoezi kwa muda wa saa mbili hivi kila siku. Maji ya mwili humpanda kichwani, na baadhi yao hurudi nyumbani wakiwa hawaoni vizuri kama zamani.

Haya yakuhusu nini wewe, unayesoma gazeti ukiwa ndani ya matatu? Mfikirie nyanya yako aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Mwanaanga ni mtu mwenye afya ambaye mifupa yake huzeeka haraka huku madaktari wakitazama, na baadhi ya dawa walizomjaribia, kama vile alendroneti, ni zile zile wanazopewa ajuza. Tena, mapema katika miaka ya 2000, madaktari wa hospitali ya Henry Ford jijini Detroit, Marekani, waliwaelekeza kutoka ardhini wanaanga ambao si madaktari hadi wakaweza kutumia mashine ya altrasaundi na kuchukua picha zinazofaa. Hebu fikiria ufundi huo mikononi mwa muuguzi wa zahanati moja kule Marsabit.

Utafiti wa namna hii hugharimu pesa nyingi, na mlipaji mkubwa ni shirika la NASA la Marekani. Tangu 1997 hadi 2017 fedha zake zilipitia taasisi moja ya tiba ya anga mjini Houston. Mwaka wa 2016 iliundwa nyingine ya kuirithi, iitwayo TRISH kwa kifupi, chini ya chuo cha udaktari cha Baylor, kikishirikiana na vyuo vya Caltech na MIT. Taasisi hiyo hufadhili watafiti wenye mawazo mapya, hata yale ambayo wengine wangeyaona ya kubahatisha.

Lakini usikimbilie kuandika barua. Kanuni ya NASA ni kwamba mtafiti wa nchi ya kigeni anaweza kushiriki, ila kila upande ujilipie gharama zake. Maana yake ni kuwa daktari wa Nairobi akialikwa na wenzake wa Houston, nauli, vifaa na mishahara ya wasaidizi wake vitatoka huku nyumbani. Na huku nyumbani mambo si mazuri. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 ilisema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ipate asilimia 2 ya pato la taifa. Muulize mhadhiri yeyote kama amewahi kuiona asilimia hiyo.

Wajerumani, kwa upande wao, wana njia ya kuchekesha. Mwaka wa 2019 katika mji wa Köln waliwalipa watu Euro 16,500 kila mmoja ili walale kitandani kwa siku 60, kichwa kikiwa chini kuliko miguu, kula na kuoga vikifanyiwa humo humo. Mwili uliolala hivyo hudhoofika kama ulio angani. Kabla hujafunga virago, jua kwamba walitakiwa wanaokijua Kijerumani.

Mlango ulio wazi zaidi kwa Mwafrika ni ule wa Umoja wa Mataifa. Ofisi yake ya masuala ya anga, iliyoko Vienna, haitoi bunda la noti bali nafasi ya kutumia mashine ambazo hakuna chuo chetu kingemudu kuzinunua. Mpango wa DropTES huwapa wanafunzi mnara wa Bremen wenye urefu wa mita 146, ambamo kifaa huangushwa na kupoteza uzito kwa karibu sekunde tano. HyperGES nao huwafungulia watafiti mashine ya Uholanzi inayozungusha vitu hadi vilemewe na uzito mara 20 ya ule wa kawaida.

Hapa kuna jambo ambalo waombaji wengi hulisahau. Sekunde tano hazitoshi mfupa kupungua! Ukiomba mnara, uliza swali la mambo yatokeayo upesi, kwa mfano jinsi maji yanavyosonga ndani ya mrija mwembamba. Swali la chembechembe za mfupa lipeleke kwenye mashine ya kuzungusha.

Usiseme nafasi hizi ni za wenyewe. Mwaka wa 2016 Chuo Kikuu cha Nairobi kilishinda nafasi ya ofisi hiyo hiyo na shirika la anga la Japani, na Mei 2018 setilaiti yake ndogo ikarushwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Haikuwa ya afya, ni kweli, lakini walioomba walikuwa wahadhiri na wanafunzi kama wewe.

Na kama huna hata senti? Matokeo ya majaribio mengi ya NASA kuhusu jeni yamewekwa wazi katika hifadhi ya GeneLab, bila malipo. Mwanafunzi mwenye kompyuta, intaneti na msimamizi mvumilivu anaweza kuandika tasnifu nzima kutokana nayo.

Ukiamua kuomba, anza na ofisi ya utafiti ya chuo chako. Utahitaji barua ya mkuu wa chuo, na ikiwa majaribio yatahusu watu, idhini ya kamati ya maadili pamoja na leseni ya NACOSTI. Tarehe ya mwisho ya Vienna haingojei sahihi ya mkubwa aliye safarini, kwa hivyo barua hiyo itafute kwanza, kabla hujaandika hata ukurasa mmoja wa ombi lenyewe.