Tripoli: Jina Moja, Asili Mbili

Mji mkuu wa Libya na mji mmoja wa pwani ya Lebanoni huitwa Tripoli. Jina hili limetokana na Kiyunani: tri- ni "tatu", polis ni "mji". Lakini miji mitatu inayotajwa si ile ile. Libya ilikuwa Oea, Sabratha na Leptis Magna, kisha jina likabaki kwa Oea peke yake. Lebanoni walihusika watu wa Tiro, Sidoni na Arwadi. Waarabu, ambao lugha yao haina sauti /p/, husema Tarabulus, na hupambanua ya Magharibi na ya Shamu. Basi kufanana kwa majina si ushahidi wa udugu. Mtafiti hana budi kuchunguza historia ya kila mahali kabla ya kudai kwamba jina limehama.