Ndugu Akipotea, Chukueni RB Siku Hiyohiyo

Mtu wa Mtunda, wilayani Kibiti, asiporudi nyumbani, jamaa hujipa moyo: labda maji yamekupwa na mtumbwi umekwama, labda kalala kwa shemeji Nyamisati. Wanangoja kesho, maana wengi wanaamini polisi hawapokei taarifa mpaka saa 24 zipite. Hakuna sheria inayowataka wangoje. Saa 24 zilizomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai zinahusu kumfikisha mahakamani mtu aliyekamatwa. Ulizeni manahodha na mwenyekiti wa kitongoji mkiwa njiani kwenda kituoni, wala msirudi bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha polisi.

Mwandishi wa Mwananchi, Azory Gwanda, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, baada ya kuandika habari za mauaji ya viongozi wa vijiji na askari wilayani humo. Mkewe alieleza kwamba mumewe alifika shambani ndani ya Land Cruiser nyeupe, akaulizia ufunguo wa nyumba, akasema anasafiri na angerudi kesho yake. Hakurudi. Maelezo hayo ya mke ndiyo uti wa mgongo wa yote tunayoyajua hadharani kuhusu siku ile.

Kwa hiyo andikeni, leo, kabla majirani hawajaanza kuchanganya simulizi: ndugu yenu alivaa nini, ana kovu wapi, alimpigia nani mwisho, gari rangi gani, walioshuka walisema nini. Tunzeni boksi la simu yake. Lina namba za utambulisho ambazo polisi watazihitaji.

Akiwa amechukuliwa mbele ya macho ya watu, zungukieni vituo vyote. Mkikanushiwa kote, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru wanaodaiwa kumshikilia wamlete. Malalamiko hupokelewa pia na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Mtakapobandika picha yake, matapeli watapiga: tumeni nauli, na ya kutolea. Inauma, kwa kuwa anayetafuta huamini chochote. Ombeni kwanza kusikia sauti yake, kisha pelekeni namba hiyo polisi.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kumdhania mtu amefariki iwapo kwa miaka 5 hakusikika kwa waliotarajiwa kumsikia. Dhana hiyo huweza kupingwa, na haiji yenyewe. Ni lazima ithibitishwe mahakamani. Mke anayedai shamba la mumewe ataulizwa alianza kumtafuta lini, na jibu lenye nguvu ni tarehe iliyo kwenye RB.