Bahari Ndani ya Pipa: Yapi Kweli, Yapi Uongo?

Samaki wa miambani akifa siku chache baada ya kufika nyumbani, lawama humwendea aliyemuuza, au ugonjwa usiojulikana jina. Pipa la maji kule uani halishukiwi. Mimi naamini ndilo la kuchunguzwa kwanza. Mengi tunayoambiana kuhusu kuchanganya na kutunza maji ya chumvi ni ukweli uliokatwa nusu, na kiumbe aliyefungiwa ndani ya kioo hana pa kukimbilia tunapokosea.

“Chumvi ni chumvi, hata ya jikoni inafaa.”

Uongo, tena wenye madhara makubwa.

Kilo moja ya maji ya bahari kuu ina takriban gramu 35 za chumvichumvi. Gramu 30 hivi kati ya hizo ni sodiamu na kloridi, vitu vile vile vinavyounda chumvi ya chakula, na wanaotetea chumvi ya jikoni huishia hapo. Lakini zile gramu tano zilizobaki ndizo zenye kazi nyingi. Kuna kalsiamu, kama miligramu 400 kwa lita, ambayo matumbawe na konokono huitumia kujengea mifupa na magamba. Kuna magnesiamu, kama miligramu 1,300, inayosaidia kuizuia kalsiamu hiyo isigeuke chokaa na kuanguka chini. Kuna bikaboneti, inayoyalinda maji yasiingiwe na asidi. Mkemia William Dittmar alipima sampuli 77 ambazo meli ya utafiti Challenger ilizileta kutoka bahari mbalimbali za dunia, akachapisha matokeo mwaka 1884: chumvi izidi au ipungue, uwiano wa viambato vikuu karibu haubadiliki. Viumbe wa baharini wameishi ndani ya uwiano huo vizazi na vizazi. Chumvi ya mezani, hata iwe na madini joto, haiwapi.

Mtu wa pwani atauliza: je, chumvi ya mawe, inayotoka baharini yenyewe, kule kwenye mabwawa ya Lindi, Bagamoyo au Gongoni? Swali ni zuri, na jibu limo katika kazi yenyewe ya mabwawa. Maji yanapokaushwa na jua, chokaa hutangulia kuanguka, kisha jasi. Chumvi ya chakula huanza kuganda maji yakiwa yamebaki kama sehemu moja ya kumi. Sehemu kubwa ya magnesiamu hubaki katika maji machungu ya mwisho, ambayo wavunaji huyaondoa ili chumvi yao isiharibike ladha. Punje unayoishika mkononi ni bahari iliyokwisha kuchambuliwa, na kuiyeyusha hakurudishi kilichoachwa bwawani. Asiye na bahari karibu anunue chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya akwariamu. Kwa lita 100 huhitajika kama kilo 3.6 hadi 3.8, kwa sababu unga huo wenyewe hubeba maji yaliyofungamana na madini yake.

“Anayeishi pwani achote tu, maji yapo.”

Kweli, kwa masharti ya mahali na majira. Maji safi ya Bahari ya Hindi yana kila kitu kwa kiasi chake, na hakuna kiwanda kinachoyashinda. Tatizo ni kwamba watu huchota pale gari linapofika. Wakati wa masika mto Sabaki huigeuza bahari ya Malindi kuwa ya kahawia, na Msimbazi hushusha baharini taka za jiji la Dar es Salaam. Chumvi hupungua, matope na mbolea huongezeka. Bandarini kuna mafuta, na rangi za kukinga matumbo ya vyombo mara nyingi huwa na shaba. Shaba kidogo mno, ambayo samaki anaweza kuihimili, huwaua kamba, konokono na viti vya pweza. Basi chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto, bandari na mifereji ya hoteli, mvua ikiwa imekatika kwa siku kadhaa. Kisha pima. Uzito linganishi, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji matupu, uwe karibu 1.025 au 1.026 kwenye nyuzi 25 za selisiasi.

Na upimaji huo usiachiwe ulimi. Hata haidromita hudanganya ikiwa viputo vya hewa vimeng'ang'ania sindano yake. Refraktomita ni bora, mradi isawazishwe kwa kimiminika maalumu chenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo, maana kuisawazisha kwa maji matupu hakuhakikishi kwamba itasema kweli kule juu unakoisoma.

“Maji ya baharini yachemshwe kwanza, kama ya kunywa.”

Uongo. Nia ni njema, na nyumba nyingi hufanya hivyo kwa mazoea. Lakini moto huifukuza kabonidioksidi, na bikaboneti iliyomo hugeuka kuwa kaboneti inayoungana na kalsiamu. Ndio ule ukoko mweupe unaoujua ndani ya birika. Mvuke nao hupotea na kuyaacha maji yakiwa na chumvi kali zaidi. Utakuwa umewaua vijidudu, na umeiharibu bahari uliyoibeba kwa taabu. Chuja kwa kitambaa kizito au kichujio chembamba. Anayetaka kuua vijidudu hutumia klorini kidogo iliyopimwa, akaiondoa kwa thiosalfeti ya sodiamu, kisha akapima kuhakikisha haikubaki hata chembe.

“Maji ya bomba yakilala wazi usiku mmoja, klorini imekwisha.”

Nusu kweli. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe, haraka zaidi ukiweka pampu ya hewa. Kloramini, ambayo mitambo mingine ya maji huitumia badala yake, haitoki kwa kulala. Wala kulaza maji hakuondoi shaba ya mabomba, naitreti ya visima au floraidi inayojulikana sana katika visima vya Arusha. Kwa samaki wagumu dawa ya kuondoa klorini huweza kutosha. Kwa matumbawe, tafuta maji yaliyopitishwa kwenye utando wa osmosisi ya kinyume, kisha kwenye chujio la kuondoa madini.

“Weka chumvi pipani, kisha mimina maji juu yake.”

Uongo, na ni kosa dogo lenye gharama. Maji ya kwanza yanayoigusa chumvi huwa makali kupita kiasi, kalsiamu na kaboneti hukutana mle na kuanguka zikiwa unga mweupe usioyeyuka tena kwa urahisi. Maji kwanza, pampu iwe inazunguka, chumvi ifuate kidogo kidogo. Usiyapashe moto sana ili kuharakisha. Uwezo wa kalsiamu kaboneti kuyeyuka hupungua maji yakiwa ya moto. Fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kama haukuandikwa, usiku mmoja wa kuzungushwa ni kinga nzuri.

“Kina kikishuka, ongeza maji ya chumvi.”

Uongo. Maji hupaa, chumvi haipai. Chukua tangi la lita 100 lenye gramu 35 kwa lita. Zipae lita 10, ujazie lita 10 za maji ya chumvi, na ufanye hivyo mara tatu: sasa una gramu 45.5 kwa lita, na kina kiko pale pale, hivyo jicho halioni kosa. Katika joto la kaskazi, tangi lisilo na kifuniko hufika huko upesi. Kinachopaa kijaziwe kwa maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, kidogo kila siku. Maji ya chumvi ni ya kubadilishia yale uliyoyatoa.

“Maji ya chumvi hayaozi.”

Hapa inabidi tutofautishe maji mawili. Yaliyochanganywa kwa unga na maji safi hayana karibu chochote cha kuoza. Ndani ya chombo safi, kilichofungwa, kivulini, hukaa miezi. Siku ya kuyatumia yazungushwe tena, yapimwe chumvi, yafikishwe joto la tangi.

Yaliyochotwa baharini yamejaa planktoni na bakteria. Yakifungwa hivyo hivyo ndani ya dumu juani, vilivyomo hufa na kuoza, uozo huo hula hewa yote, na maji hunuka mayai mabovu. Wazee wa kazi hii waliliona hilo mapema. Mwaka 1846 Anna Thynne alitoa matumbawe hai Torquay, kwenye pwani ya Uingereza, akayaleta London, mbali na bahari, na maji yake yalitunzwa kwa kumiminwa mara kwa mara kutoka chombo kimoja hadi kingine ili yapate hewa. William Alford Lloyd, aliyesimamia akwariamu ya Crystal Palace, huko huko London, iliyofunguliwa mwaka 1871, aliyazungusha maji ya matangi yake kupitia hifadhi kubwa zenye giza chini ya jengo, na maji yale yale yakatumika tena na tena. Giza na mwendo: hadi leo sijaona ushauri bora wa kumpa mtu mwenye pipa la maji ya Bahari ya Hindi. Chuja, funika mwanga usiingie, acha pampu ya hewa ifanye kazi mchana na usiku. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, nusa na upime amonia kabla ya kuyamimina.

“Chombo chochote kikioshwa kinafaa.”

Uongo. Ndoo ya bati hutoa zinki, koki ya shaba hutoa shaba, na dumu lililowahi kubeba dawa ya mimea au mafuta halisafishiki kiasi cha kuaminiwa. Tumia plastiki ya chakula, uiwekee alama, isiingie sabuni. Gunia la chumvi nalo lifungwe barabara baada ya kila matumizi, kwa sababu kloridi ya magnesiamu hunyonya unyevu wa hewa ya pwani na kugandisha unga wote. Kabla ya kuteka, ligeuze na kulitikisa, maana punje nzito na nyepesi hutengana safarini, na kikombe cha juu kinaweza kuwa na mchanganyiko tofauti na cha chini.