Selimundu na hesabu ya maji

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari wa Oxford aliyelelewa Kenya, alijiunga na msafara wa kisayansi uliokuja Mlima Kenya, akapima damu ya watu wa jamii mbalimbali nchini. Aligundua kwamba wenye chembe za selimundu walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria, lakini wachache mno nyanda za juu. Anayeteremka kutoka Embu mjini hadi Gachoka na kuendelea hadi mabwawa ya mto Tana huiona sababu njiani, maana kubeba chembe hizo hukinga kwa kiasi dhidi ya malaria: baridi isiyomfaa mbu hupungua, joto linalomfaa huanza. Mwaka huohuo, kule Marekani, mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya wagonjwa wa selimundu husafiri tofauti na ya kawaida ikipitishiwa umeme. Basi ugonjwa huu unaambatana na badiliko la chaji, na chaji ndani ya mwili haieleweki bila maji yanayoizunguka.

Himoglobini ina asidi amino 574. Katika selimundu, kila mnyororo wa beta una hitilafu moja tu: asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi na inayopenda maji, imebadilishwa na valini, isiyo na chaji na inayoyakwepa maji. Himoglobini ikishaachilia oksijeni, valini hiyo hujibanza kwenye kishimo cha himoglobini jirani, zikaungana kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda seli. Kukadiria kama dawa inaweza kuzuia muungano huo kunahitaji kuyahesabu maji pia, kwani maji hudhoofisha mvutano wa chaji karibu mara 80. Ndani ya protini, kudhoofika huko kwa kawaida hukadiriwa kuwa mara 2 hadi 4 tu. Kufuatilia kila molekuli ya maji, makumi ya maelfu kwa protini moja, huchukua muda mwingi wa kompyuta. Njia nafuu, iliyotokana na wazo la mwanafizikia Max Born la mwaka 1920 na kuendelezwa na mwanakemia W. Clark Still na wenzake mwaka 1990, huyachukua maji yote kama kitu kimoja kilichotanda, kisha hukadiria kwa fomula nishati ya kila chaji ndani yake. Mlinganyo wa Poisson-Boltzmann hufanya hivyo kwa makini zaidi, na programu ya APBS inayoutatua hutolewa bure.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba maji si kitu kimoja, na kwamba molekuli moja iliyokwama kishimoni yaweza kubadilisha jibu. Ni kweli, na ndiyo maana hesabu hii inafaa kuchuja dawa nyingi zinazopendekezwa zibaki chache, si kutoa hukumu. Hukumu hutolewa na wagonjwa: voxelotor, dawa iliyobuniwa kushikamana na himoglobini na kuidhinishwa Marekani mwaka 2019, iliondolewa sokoni Septemba 2024 kwa sababu ya usalama wao. Wengine watasema mtoto mgonjwa anahitaji dawa ya haidroksiyurea, wala si milinganyo. Nakubaliana nao kabisa. Utafiti wa REACH, uliohusisha Kilifi, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria na vifo. Pesa za kuinunua zisiguswe. Lakini hesabu hii haihitaji zaidi ya kompyuta ya kawaida, umeme na mwalimu. Chuo Kikuu cha Embu kiwafundishe hesabu hiyo wanafunzi wake wa sayansi.