Mashua ya Hardin na Hali Halisi ya Arua na Koboko

Jaribio la kifikra katika falsafa ya maadili ni kisa cha kubuni kinachoweka kando mambo mengi ili swali moja lionekane wazi. Mwaka 1974 Garrett Hardin alitunga kisa cha mashua: watu 50 wamo ndani, zimebaki nafasi 10, na 100 wako majini wakiomba kupakiwa. Walio ndani ni mataifa tajiri. Hitimisho lake: asipakiwe mtu. Hoja hii inafaa kupimwa Arua na Koboko, ambako mfano wake husikika kila mgao wa chakula cha wakimbizi unapopunguzwa.

Kisa hicho kina manufaa yake. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji. Je, wote wapate sawa, japo kidogo, au aliye dhaifu zaidi atangulizwe? Kisa cha kubuni humlazimu mshauri wa sera kuitaja kanuni anayoifuata, asijifiche nyuma ya uhaba wa fedha.

Hata hivyo, Hardin hawapi watu wake historia. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani. Leo Wasudani Kusini wamo Rhino Camp, na Wakongo wamo Lobule, wilayani Koboko. Wakakwa nao wanaishi pande zote tatu za mipaka hiyo. Mwenyeji anayempa mgeni kipande cha shamba huenda anamlipa mtoto wa yule aliyempokea yeye uhamishoni. Hapo tunazungumzia deni, si hisani, na mashuani mwa Hardin hakuna anayemdai mwenzake.

Tena, nani aliyezihesabu nafasi? Hardin anaichukulia idadi yake kuwa imekwisha kuamuliwa. Nchini Uganda, kanuni ya kuelekeza asilimia 30 ya misaada kwa jamii zinazowapokea wakimbizi, pamoja na ridhaa ya wenye ardhi ya kimila, huongeza au hupunguza nafasi hizo. Tusijidanganye, lakini: kumbukumbu ya deni haioteshi miti, na wanawake wa pande zote mbili wanaogombea kuni hawagombei kitu cha kubuni. Kwa hilo, onyo la Hardin kuhusu mipaka ya rasilimali bado halijajibiwa.